Kweli au Si Kweli: Folda Inapokataa Kuandikwa

Hadoop na Ceph ni programu za kuunganisha diski za kompyuta nyingi zikawa ghala moja la data. Hazina malipo, na hata kompyuta tatu za zamani zinatosha kujaribia. Zinaufaa mji kama Dodoma, wenye chuo kikuu, UDOM, kilichoanza 2007 na ofisi za serikali zilizofuata baada ya tangazo la 2016 la kuhamia huko. Awe kwenye maabara ya ndaki ya kompyuta, CIVE, pale UDOM au kwenye chumba cha seva cha ofisi za serikali kule Mtumba, mgeni wa programu hizi hukwamishwa mapema na folda: inakataa kufunguliwa, inakataa kuandikwa. Hapo ndipo wenzake humpa dawa za kubahatisha.

“Piga chmod 777, itakubali.”

Si kweli, na hakuna ushauri unaoharibu zaidi ya huu. Katika Linux, amri ya chmod hubadilisha ruhusa kwa namba: 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 kwenye folda ni kupita ndani. Ukijumlisha unapata 7. Saba tatu maana yake mwenye folda, kundi lake na mtu yeyote mwingine wote wamepewa kila kitu. Kwa kuwa wakati mwingine kosa hutoweka kweli, ushauri huu haufi.

Tazama kinachofuata. Hati ya start-dfs.sh, inayowasha mfumo wa mafaili wa Hadoop (HDFS), huingia kwenye kila kompyuta kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali, kwa kutumia funguo badala ya nenosiri. SSH nayo ina masharti: ikikuta folda ya nyumbani ya mtumiaji, au .ssh iliyomo ndani yake, inaweza kuandikwa na yeyote, inazikataa funguo. Ufunguo wa siri ukiwa unasomeka na kila mtu, hautumiki. Kwa hiyo aliyepiga chmod -R 777 /home/hadoop ataanza kuulizwa nenosiri ambalo jana hakuulizwa, na klasta, yaani kompyuta hizo kwa pamoja, haitawaka. Dawa ni kurudisha 755 kwenye folda ya nyumbani, 700 kwenye .ssh, na 600 kwenye authorized_keys na ufunguo wa siri.

Matoleo ya zamani ya Hadoop yalikuwa makali zaidi. DataNode, sehemu inayohifadhi data kwenye kila kompyuta, ilitarajia folda yake ya data iwe rwxr-xr-x (yaani 755). Ikikuta rwxrwxr-x, yaani kundi nalo limeruhusiwa kuandika, iligoma. Tatizo lilikuwa ruhusa kuzidi, na mtu akiongeza nyingine anazidi kujichimbia.

“Nikiwa root hakuna kinachonizuia.”

Si kweli. Root ni mtumiaji mkuu wa Linux, lakini ujumbe huu wa Hadoop wameuona wengi:

Permission denied: user=root, access=WRITE, inode="/user":hdfs:supergroup:drwxr-xr-x

Usome polepole, kwa sababu umesema kila kitu. Anayeomba ni root. Anataka kuandika. Anataka kuandika ndani ya /user. Folda hiyo ni mali ya hdfs, kundi lake ni supergroup, na asiye miongoni mwao anaruhusiwa kusoma na kupita tu. Katika HDFS, mwenye mamlaka yote ni yule aliyeiwasha NameNode, sehemu inayotunza orodha ya mafaili, na hapa ni hdfs. Root wa Linux akifika humo ni mtumiaji kama wengine. Kwa hiyo hdfs ndiye anayetakiwa kuunda folda na kuikabidhi kwa mtumiaji, tuseme neema: sudo -u hdfs hdfs dfs -mkdir -p /user/neema, kisha sudo -u hdfs hdfs dfs -chown neema /user/neema. Amri mbili, na hakuna 777.

Kukimbilia sudo, yaani kufanya kazi kama root, ndiko hasa kunakozaa tatizo. Mtu anaiwasha programu mara ya kwanza akiwa root, nayo inaunda folda za data na za kumbukumbu za kazi (log) kwa jina la root. Kesho anaiwasha kwa mtumiaji wa kawaida, anakataliwa na folda alizoziunda mwenyewe. Ceph iliacha kuendeshwa na root tangu toleo la Infernalis la 2015. Waliopanda toleo walilazimika kuikabidhi /var/lib/ceph kwa mtumiaji anayeitwa ceph, au waiambie programu waziwazi iendelee na root. Ukikuta mwongozo wa kabla ya hapo, uache.

“Nimeshapiga chown, basi kosa ni la programu.”

Huenda, lakini kwanza angalia ulipiga chown lini. Ukiikabidhi /data kwa hdfs halafu ukapachika diski mpya juu yake, kinachoonekana sasa ni folda ya juu ya diski hiyo, yenye mmiliki mwingine. Ile uliyoikabidhi imefunikwa. Pachika kwanza, ndipo upige chown.

Folda za juu nazo zina neno. Chumba chako kinaweza kuwa wazi huku geti la nje limefungwa: /data/hadoop/dn ikiwa ya hdfs lakini /data haimruhusu kupita, hafiki. Amri ya namei -l hukuonyesha ngazi zote kwa mkupuo mmoja.

Ukiona herufi za ruhusa zimekaa sawa na bado unakataliwa kwenye Rocky au CentOS, piga getenforce. Ikijibu Enforcing, huenda SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux, ndiyo inayozuia, na hiyo haisikii chmod. Watu huizima moja kwa moja. Mimi naona ni uvivu, maana ls -Z na restorecon mara nyingi humaliza kazi. Na diski iliyotoka kwenye kompyuta nyingine ikaguliwe kwa ls -ln, kwa kuwa Linux huandika namba ya mtumiaji, si jina lake. Hdfs wa seva ya kwanza anaweza kuwa na namba tofauti na hdfs wa seva ya pili.

“Folda ikikataa kuandikwa, ni ruhusa tu.”

Si kweli. Umeme ukikatika ghafla, diski ya ext4 yenye hitilafu inaweza kupachikwa kwa kusomwa tu. Ujumbe wake ni mwingine: Read-only file system. Hapo chown haina kazi. Tazama dmesg, pachua diski, ikague kwa fsck.

“Ukikwama kabisa, fomati NameNode upya.”

Si kweli hata kidogo. Kufomati hufuta orodha ya mafaili yote na kuipa klasta kitambulisho kipya, na DataNode zenye kitambulisho cha zamani zitakataa kujiunga. Kosa la ruhusa litabaki palepale, ila sasa una makosa mawili.

“Ruhusa zikishakaa sawa, data iko salama.”

Si kweli. Hadoop ikisakinishwa bila Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji, huamini jina lolote inaloambiwa. Anayeifikia klasta akiandika export HADOOP_USER_NAME=hdfs, anakuwa hdfs, na anaweza kufuta kila kitu. Ruhusa hizo huzuia kukosea, hazimzuii mwenye nia mbaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa mazoezi, tumia majedwali ya Sensa ya 2022, ile iliyohesabu watu 61,741,120, ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) imeyaweka hadharani. Orodha ya wagonjwa, wanafunzi au wateja usiiweke kwenye klasta isiyo na Kerberos.