Watoto wa Mti wa Baraza



Wengi wenu mnaukumbuka ule mti mkubwa nyuma ya nyumba yetu ya zamani hapa Houston, ambao chini yake tulikuwa tukitandika majamvi kila Idd. Ni msaipresi wa kinamasi, mti rasmi wa jimbo jirani la Louisiana tangu 1963. Mwaka 2020 wenye uwanja walitupa habari kwamba utakatwa. Novemba ile, kabla msumeno haujafika, niliokota matunda yake ya mviringo, kama ndimu changa, nikajaza kikapu.

Nawaelezeni nilivyokosea, ili nanyi msikosee.

Kwetu Unguja mkoko huzaa mtoto aliyekwisha chipua angali juu ya mama yake, kisha akaanguka matopeni. Nikadhani mti huu nao, kwa kuwa ni wa majini, ni vivyo hivyo. Nusu ya mbegu nikazitia katika ndoo ya maji na tope. Nikangoja mpaka Juni. Haikuota hata moja. Kumbe mbegu hizi husafiri na maji, lakini hazichipui ndani yake. Hungoja maji yapungue, zikaota katika udongo mbichi. Tena zataka baridi kwanza.

Ilibaki nusu niliyoiweka kavu katika chupa, na mti wenyewe ulikwisha katwa. Niliziloweka usiku kucha, nikazichanganya na mchanga mbichi, nikazilaza katika friji siku 90, mama watoto akinung'unika. Machi 2022 nikazipanda vikoponi, zimefunikwa udongo kidogo tu, nisiuache ukauke. Katika mbegu 60 zilichipua 11, kwani nyingi huwa tupu ndani. Saba zikaishi.

Novemba majani yakageuka rangi ya kutu, yakaanguka yote. Mama watoto akataka kuitupa miche, na mimi karibu nikubali. Alhamdulillahi, hatukuitupa: mti huu hupukutisha majani kila mwaka, na Machi yakarudi.

Miche sita imekwisha pata nyumba. Wa saba bado. Mwenye uwanja mpana, mbali na mabomba, na auchukue Idd ijayo. Asiwe na haraka ya kivuli: huko North Carolina, kando ya Black River, mmoja umehesabiwa zaidi ya miaka 2,600. Huu ni wa wajukuu.