Kwa Nini Kuchemsha Pekee Hakuondoi Sumu ya Muhogo Mchungu

Mnamo Septemba 2017, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, watu waliokula ugali wa muhogo matangani walianza kutapika, kuharisha na kuumwa na tumbo. Baada ya siku chache visa vingine viliripotiwa kutoka vijiji vya wilaya hiyo hiyo. Kwa jumla watu 98 waliugua na wawili wakafariki. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa takriban miligramu 88 za sayanidi kwa kila kilo, ilhali kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10.

Ugali huo ulipikwa motoni kama ugali mwingine wowote. Moto haukuwasaidia walaji, na sababu yake ni muhimu kwa kila mkazi wa Kaunti ya Kilifi anayelima, anayeuza au anayekula muhogo. Mvua zikikosekana na mahindi yakikauka, muhogo ndio unaobaki shambani. Ni wakati huo huo wa ukame ambapo sumu huongezeka ndani ya muhogo, na ambapo njaa humfanya mpishi akatize njia.

Muhogo hauna sayanidi iliyo tayari. Ndani ya kila chembe ya mmea mna kifuko kidogo kinachohifadhi linamarini, aina ya sukari iliyofungamana na sayanidi. Nje ya kifuko hicho, kwenye ukuta wa chembe, mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Vitu hivi viwili vikikaa mbalimbali hakuna linalotokea, mithili ya kiberiti na mafuta ya taa vilivyowekwa vyumba tofauti. Panya au nguruwe mwitu anapoutafuna muhogo, kuta hupasuka, viwili hivyo hukutana na sayanidi huachiliwa. Hiyo ndiyo silaha ya mmea.

Vimeng'enya, au enzaimu kama wengine wanavyoviita, ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya kiumbe. Kila kimoja kina umbo lake, lenye kishimo kinachotoshana na kitu maalumu tu. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alilifananisha jambo hili na ufunguo na kufuli. Kimeng'enya kikishaivunja linamarini moja hakiishi, bali huigeukia nyingine. Mkazi anaweza kuonja kazi ya namna hii nyumbani: atafune kipande cha muhogo mtamu uliochemshwa bila kukimeza, na baada ya muda kitazidi utamu mdomoni. Kimeng'enya kilichomo kwenye mate huwa kimeanza kuugeuza wanga kuwa sukari.

Umbo hilo ndilo nguvu ya kimeng'enya, na ndilo udhaifu wake pia. Joto la wastani hukipa kasi. Joto kali huliharibu umbo, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na haliwezi kurudishwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Muhogo mchungu ukitiwa mzima kwenye maji yanayotokota, linamarasi huharibika upesi, lakini linamarini huvumilia joto hilo na nyingi hubaki ndani ya chakula. Mpishi huwa amemuua mfanyakazi aliyepaswa kumwondolea sumu. Sehemu ya linamarini huyeyukia majini, na ndiyo sababu maji ya kuchemshia muhogo humwagwa, hayafanywi supu. Kwa muhogo mtamu kama Kibandameno, ambao linamarini yake ni kidogo, kumenya na kuchemsha hutosha. Maganda yana sumu nyingi kuliko nyama ya ndani.

Kwa muhogo mchungu, njia salama ni kukipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi kabla ya moto. Ukiparuzwa au kutwangwa, kuta hupasuka. Ukilowekwa siku tatu au zaidi hadi ulainike, kazi hiyo huendelea kwa msaada wa vijidudu vya kuchachusha. Sayanidi inayoachiliwa hugeuka mvuke kwenye nyuzi joto 26 hivi, joto la kawaida kabisa hapa Pwani, kwa hivyo hupeperuka ikipata hewa. Kuukata vipande vikubwa na kuvianika juani moja kwa moja hakutoshi: vipande hukauka kabla kazi haijakamilika, na bila maji kimeng'enya hulala.

Kulala si kufa, na jambo hilo limezaa mbinu rahisi iliyobuniwa na mwanakemia Howard Bradbury wa Australia. Unga mkavu hutiwa kwenye bakuli na kimo chake kuwekwa alama. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Utashuka kwanza, kisha utapanda hadi kwenye alama ile. Unga huo mbichi hutandazwa juu ya mkeka, unene usiozidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha husongwa ugali siku hiyo hiyo. Linamarasi iliyokuwa imelala huamshwa na maji na kumalizia sehemu kubwa ya linamarini iliyobaki. Majani ya muhogo nayo hutwangwa vizuri kabla ya kuchemshwa, kwa sababu iyo hiyo.

Hatari ya sayanidi mwilini pia inahusu vimeng'enya. Sumu hii hukikwamisha kimeng'enya kinachoziwezesha chembe za mwili kutumia oksijeni, hivyo mtu huweza kupumua na bado mwili ukakosa nguvu. Ini lina kimeng'enya kingine kinachoigeuza sayanidi kuwa kitu chenye madhara madogo kinachotoka kwa mkojo, lakini kinahitaji salfa inayotokana na protini. Familia inayokula muhogo pamoja na samaki, kunde au mayai ina kinga kuliko ile inayokula muhogo mtupu.

Wanaokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa majuma mfululizo bila protini huweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 waliupata katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Visa vimeripotiwa pia Tarime, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wetu.

Uchungu mdomoni ni onyo la kweli, ingawa si kipimo kamili, hasa baada ya kiangazi kirefu. Asiyejua aina ya muhogo aliyonunua na autendee kama mchungu. Mtu akipata kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika au kupumua kwa shida saa chache baada ya kula muhogo, apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na unga uliosalia ubebwe ili upimwe.