Asha Amemzidi Juma

Mpe mtoto wa darasa la tatu fumbo hili: "Asha ana maembe 9. Amemzidi Juma kwa maembe 4. Juma ana maembe mangapi?" Wengi watakujibu 13 bila kusita. Wameona "amemzidi", wakajumlisha. Kalamu nyekundu itapita, na nyumbani itasemwa mtoto ni mzito wa hesabu. Lakini 9 na 4 ni 13 kweli. Alichokosea ni kusoma.

Kiswahili hulificha kosa hili vizuri. Kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto aliyeshika silabi zake anaweza kumsomea bibi gazeti zima, bibi akafurahi, na msomaji asiambulie kitu. Mwaka 1986, Philip Gough na mwenzake walieleza kusoma kama hesabu ya kuzidisha: kutambua maneno mara kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sisi huridhika na kile cha kwanza. Tena vitenzi vyetu hubeba mzigo mkubwa: "aliwauzia wenzake mayai 12" na "aliuziwa na wenzake mayai 12" vinakaribiana sikioni, ila katika kimoja mayai yametoka na katika kingine yameingia.

Utajuaje tatizo liko wapi? Msomee wewe fumbo hilo. Akilipata, basi shida iko kwenye maandishi. Huenda ni disleksia. Macho yake ni mazima na akili anayo, ila kuoanisha herufi na sauti kunammaliza nguvu, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshapotea. Asipolipata, mwambie akusimulie nani ana nini. Akikwama hapo, tazama lugha yenyewe, maana wapo watoto wengi ambao Kiswahili wamekutana nacho shuleni. Akisimulia sawasawa, akajua kwamba ni kutoa, kisha 9 kutoa 4 ikamshinda siku nenda siku rudi, hapo ndipo tunapoanza kuifikiria diskalkulia.

Ukiona vizibo vitatu mezani huvihesabu, unaona tatu. Mtoto mwenye diskalkulia huenda akagusa kimoja kimoja. Jana alijua 6 na 3, leo anarudi kwenye vidole. Brian Butterworth wa University College London ametetea kwa miaka mingi hoja kwamba kilichopungua ni hisia yenyewe ya wingi. Majina ya namba zetu nayo hayamhurumii. Ndani ya sitini unasikia sita, ndani ya tisini unasikia tisa. Lakini ishirini haina mbili, wala arobaini haina nne, kwa sababu makumi hayo tuliyachukua kwa Waarabu, ilhali mbili na nne ni za Kibantu. Wenzake huyameza hivyohivyo. Yeye humkwama kooni.

Kumkaririsha tebo kwa kuimba, na fimbo juu ya meza, hakumfikishi popote: ataiimba tebo ya sita yote bila kuijua sita. Mrudishe kwenye vizibo vya soda au kete za bao, hata kama wenzake wameshaviacha. Apange 9 vya Asha mstari mmoja, kisha vya Juma chini yake kimoja kwa kimoja, mpaka vinne vya juu vibaki bila wenzao.