Kioo cha Mpanda Baiskeli wa Ntinda

Anayefika kwenye makutano ya Ntinda kwa baiskeli yenye mikungu ya matoke huyaona vizuri magari yaliyo mbele yake. Anachohitaji kujua kiko nyuma: taksi inayokimbilia abiria, bodaboda inayopenya, lori la kwenda Nakawa.

Dawa ya kawaida ni kugeuza shingo. Lakini mabega hufuata kichwa, mikono hufuata mabega, na baiskeli huyumba upande ule ule. Uganda tunaendesha kushoto. Kwa hiyo anayechungulia kulia huyumbia magari. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, sekunde moja ya kutazama nyuma ni mita 4 za barabara asizoziona. Shimo halihitaji hata mita moja.

Kioo kidogo kwenye ncha ya kulia ya usukani humpunguzia kazi hiyo, ila lazima ajue ni kioo gani. Tuseme kina upana wa sentimita 5, kikiwa sentimita 60 kutoka machoni. Kikiwa bapa, huonyesha gari kwa ukubwa wake halisi, lakini umbali wa mita 30 nyuma kitamwonyesha ukanda wa mita 2.5 tu. Kikiwa mbinuko, kilichokatwa kwenye tufe la nusu kipenyo cha sentimita 40, ukanda huo hufikia mita 10. Gharama yake ni kwamba kila kitu huonekana robo ya ukubwa: lori lililo mita 30 nyuma huonekana dogo kama lililo mita 120. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Mimi ningechagua mbinuko. Kwenye msongamano wa Ntinda, pikipiki isiyoonekana kabisa ni mbaya kuliko inayoonekana ndogo.

Mwenye mzigo mpana akitokeze kioo nje zaidi, la sivyo ataona matoke yake tu. Kikazwe sana pia, maana kikitikisika picha huvurugika. Inasikitisha kuona bodaboda nyingi, zilizotoka kiwandani na vioo viwili, zikiwa zimeving'oa ili zipenye.

Ndugu mpanda baiskeli, kabla ya kukwepa shimo kuelekea kulia, tazama kioo kwanza. Ukiona pako wazi, tupa jicho begani mara moja, nyosha mkono, ndipo uhame.