Usalama wako huamuliwa mezani

Mfanyakazi mwenzetu, kaske unayovaa shimoni ilinunuliwa na nani? Utajibu: na kampuni. Lakini ndani ya kampuni, nani aliyekubali fedha hizo zitoke? Si kapita wako. Fedha kubwa za mwaka, za mashine, za mbao za kushikilia paa la shimo, za maji ya kutuliza vumbi, hupitishwa na baraza la uongozi. Watu wachache huketi mezani, nawe unaishi kwa uamuzi wao. Ndiyo maana leo ukurasa wa usalama unazungumzia viti.

Mfano wa Vitshumbi

Wengi wetu tumelelewa kwa samaki wa Vitshumbi, kusini mwa Ziwa Edward. Wavuvi wa huko waliunganishwa katika ushirika, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la COPEVI. Katika ushirika, mwanachama ana haki ya kuchagua viongozi. Lakini kijana anayelipwa na mwenye pirogi ili avute nyavu usiku, mara nyingi si mwanachama. Dhoruba ikipiga, au kiboko akipindua pirogi, anayeingia majini ni yeye. Je, aliulizwa kama yanunuliwe makoti ya kuelea?

Mfanyakazi wa mgodi yuko kama kijana huyo. Baraza la kampuni huchaguliwa na wenye hisa. Wewe una mikono na mapafu yako, lakini hisa huna.

Sheria yetu inatupa nini?

Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inawapa wafanyakazi haki ya kuchagua wajumbe wa sendika kwa miaka 3. Mwajiri anapaswa kuwauliza maoni juu ya saa za kazi, kanuni za kampuni na mambo mengine. Sheria hiyo pia inadai kamati ya usalama na usafi kazini. Hizo ni haki kubwa, tuzitumie. Lakini tuelewe mpaka wake: kuulizwa maoni si kupiga kura. Mjumbe anaweza kusema paa la shimo limechoka. Kura ya kununua mbao hana.

Wachimbaji wa Ujerumani

Hapa kwetu Rutshuru, kampuni ya SOMIKIVU iliundwa mwaka 1982 ili kuchimba madini ya Lueshe, na Wajerumani ndio waliokuwa na hisa nyingi. Je, huko kwao Ujerumani wachimbaji waliishi vipi na mabwana wao? Baada ya vita vya 1939–1945, sendika za wachimbaji na za wafua chuma zilidai viti katika mabaraza, na zikawa tayari kugoma. Sheria ikatoka mwaka 1951. Katika kampuni za makaa ya mawe na chuma zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000, baraza la kawaida la usimamizi lina watu 11: watu 5 wa wenye mali, 5 wa wafanyakazi, na 1 asiye wa upande wowote. Tena mkurugenzi anayeshughulika na mambo ya wafanyakazi hawezi kuwekwa ikiwa wajumbe wao wamemkataa.

Kiti tulicho nacho

Tusidhani kwamba Mkongo hajapata kiti popote. Hazina ya taifa ya akiba ya wafanyakazi ilianzishwa mwaka 1961 kwa jina la INSS. Leo ni CNSS. Katika baraza lake huketi wajumbe wa serikali, wa waajiri na wa wafanyakazi. Hazina hiyo ndiyo inayopaswa kumlipa aliyevunjika mguu kazini, mgonjwa wa silikosi, na mjane wa aliyefia shimoni. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazi, asilimia 1.5 ya mshahara, hulipwa na mwajiri peke yake. Akikukata fedha kwa ajili hiyo, anakuibia.

Kiti bila habari ni ubao mtupu

Mjumbe anayeketi juu hajui vumbi la shimo lako usipomwambia. Kwa hiyo:

1. Chagua mjumbe anayeijua kazi na asiyeogopa kusema. Usimchague kwa kabila wala kwa pombe aliyokununulia.

2. Hatari ukiiona, mwambie kapita, kisha mpe mjumbe habari kwa maandishi: tarehe, mahali, kilichoonekana.

3. Mjumbe akitoka mkutanoni, mwulize: ulisema nini, ulijibiwa nini?

4. Ajali ikitokea, hakikisha imeandikwa siku hiyohiyo, hata kama ni ndogo. Kidole kilichopondwa leo kinaweza kukosa nguvu mwaka ujao.

5. Mama wa nyumbani, tunza hati za kazi za baba: mkataba, namba ya CNSS, karatasi za mshahara, vyeti vya watoto. Vita vikiwakimbiza, beba bahasha hiyo pamoja na watoto. Ofisi ikifungwa, haki haifi. Lakini bila karatasi ni vigumu kuidai.

Mabwana wa mezani wanahesabu tani na faranga. Mtu wa kuwahesabia waliojeruhiwa ni mjumbe wako. Mpe hesabu iliyo sahihi.