Karatasi za Kuvukia Mto Kagera

Wilaya ya Kyerwa inapakana na nchi mbili kwa mpigo: Uganda kaskazini na Rwanda magharibi, na sehemu kubwa ya mpaka huo ni Mto Kagera. Mkazi wa Bugomora anayekwenda kumzika shangazi yake Isingiro ya Uganda (maana hata Kyerwa tunayo Isingiro yetu) hahitaji mkalimani, kwani Kinyambo na Kinyankore vinasikilizana. Mtego uko hapo hapo. Anasahau kwamba anaingia nchi ya watu.

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi ya NIDA peke yake haikuvushi kutoka Murongo, upande wetu, kwenda Kikagati ya Uganda. Unatakiwa uwe na pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Viza huhitaji: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Ruhusa hiyo lakini hugongwa mhuri mpakani. Aliyepita njia ya panya kwa mtumbwi hana mhuri, na siku akisimamishwa Mbarara anahesabiwa mhamiaji haramu, hata kama alikuja msibani.

Utaambiwa, "Mbona watu wanapita kila siku?" Kweli wanapita, majirani wakiwa wanaelewana. Mei 2013, Rais Jakaya Kikwete alishauri mjini Addis Ababa kwamba Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Kigali ikachukia. Julai, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Serikali ilisema inapambana na ujambazi na uhamiaji haramu, nami sidai kwamba maneno ya Addis ndiyo yaliyozaa operesheni. Ila maelfu waliondoka Kagera, wakiwamo watu waliokuwa wameishi humo miongo kadhaa, wakaoa, wakazaa, wakapanda migomba. Waliulizwa karatasi ambazo kwa miaka mingi hakuna aliyezitaka. Aprili 2016, Rais Magufuli na Rais Kagame walipozindua pamoja daraja na kituo cha mpakani cha Rusumo, hali ilikuwa imeshapoa. Waliofungasha hawakurudishiwa migomba yao kwa sababu hiyo.

Na Uganda, ambayo tulipigana nayo 1978 na 1979, leo tunagawana nusu kwa nusu umeme wa megawati 14 unaofuliwa hapo hapo kati ya Murongo na Kikagati. Udugu huo usikudanganye kuhusu mzigo. Hati ya kusafiria inamhusu mtu, haihusu gunia la kahawa. Kahawa ya Kyerwa huuzwa kupitia vyama vya msingi, na kuivusha usiku kwenda kufuata bei ya Uganda ni magendo, hata ikiwa ya shamba lako mwenyewe.

Mambo madogo ya Rwanda: saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, magari hupita kulia, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itembee na pasipoti. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha, kwa hiyo anayekutaka ulipie "kuihuisha" anakula hela yako. Kupimwa joto mpakani nako usikuonee kero. Homa ya Marburg iliingia Bukoba Vijijini 2023 na Biharamulo 2025.

Ukikamatwa, mwombe askari aujulishe ubalozi wa Tanzania. Mkataba wa Vienna wa 1963 ndio msingi wa haki hiyo. Ubalozi wetu Kampala (uko barabara iitwayo Kagera, kwa wanaopenda vichekesho) unaweza kukutembelea mahabusu, kuwaarifu ndugu, kukuelekeza kwa wakili, na kukupa hati ya dharura ukipoteza pasipoti. Hauwezi kukutoa mahabusu wala kukulipia faini. Na kabla ya lolote utataka kujua kama kweli wewe ni Mtanzania, jambo linalochukua siku kadhaa kama huna kitu mfukoni. Basi acha nakala ya pasipoti nyumbani, kwa mtu ambaye simu yake hupatikana.