Dirisha la Faragha Linakuficha kwa Nani?

Mtu akitaka kutafuta dalili za ugonjwa unaomtia haya, au nafasi ya kazi huku bosi yuko meza ya pili, hufungua hali fiche kwenye Chrome, ile yenye kofia na miwani, akaona mambo yamekwisha. Kweli amejificha, ila kwa mwenzake anayetumia kompyuta ileile. Akilifunga dirisha, historia na vidakuzi vyake vinafutika. Kampuni inayomuuzia bando bado inaona ameingia tovuti gani, na tovuti yenyewe inaiona anwani yake ya IP. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa katika hali hiyo. Mwaka 2024, ili kesi iishe, ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Tor, mtandao wa kuficha utambulisho wa mtumiaji, ni habari nyingine. Wazo lake lilizaliwa miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani. Kivinjari chake, kilichojengwa juu ya Firefox, hupitisha mawasiliano katika seva tatu zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, yakiwa yamesimbwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Seva ya kwanza inakujua wewe, haijui uendako. Ya mwisho inajua uendako, haikujui.

Kuna kitu ambacho wengi hudhani ni hitilafu: ukilivuta dirisha la Tor kwenye kompyuta, ukurasa haulijazi, pembeni hubaki ukingo mtupu. Umewekwa kusudi. Tovuti huweza kupima skrini yako, kuhesabu fonti zako, kusoma majira ya saa yako, na mchanganyiko huo ukatosha kukutambua hata bila kidakuzi. Kwa hiyo Tor huwapa watumiaji wake vipimo vichache vya pamoja, wafanane. Ukijiongezea programu za ziada, umejitoa kundini mwenyewe.

Na kundi likiwa dogo, halifichi mtu. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma barua pepe za vitisho vya bomu ili mtihani uahirishwe. Alipitia Tor, lakini kwa Wi-Fi ya chuo. Wapelelezi hawakuhitaji kuvunja usimbaji wowote. Waliangalia nani alikuwa akitumia Tor kwenye mtandao wa chuo muda ule, wakamwendea, naye akakiri.

Kwa shughuli za kila siku, Firefox iliyowekewa kizuizi cha wafuatiliaji inatosha, tena ina kasi kuliko Tor. Tor naiwekea yale ambayo yakijulikana yanaweza kumgharimu mtu kazi au usalama wake. Kuingia Facebook kwa jina lako kupitia Tor ni kujitaja mlangoni. Benki ndiyo usijaribu kabisa: ikiona umeingia kutoka Ujerumani, na baada ya dakika kumi kutoka Uholanzi, huenda ikaifunga akaunti, na utalazimika kwenda tawini na kitambulisho mkononi.